Taa ya Kambini na Usanifu Unaoanzia Kwenye Nuru Hafifu

Usanifu wa taa ya kambini inayochajiwa huanza, katika viwanda vingi, kwa swali la ukali: taa itoe lumeni ngapi, yaani kiasi gani cha mwanga kwa jumla, ili namba itakayochapishwa kwenye boksi imvutie mnunuzi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini halistahili kuwa la kwanza, kwa sababu saa nyingi ambazo taa huwaka kambini si saa za mwanga mkali. Katika kambi za mahema za Serengeti, au katika vituo vya wapanda mlima kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwanga mkali huhitajika kwa muda mfupi jioni, wakati wa kukaza kamba za hema, kupika na kupanga mizigo. Baada ya hapo hubaki mahitaji madogo madogo ya usiku kucha, kama kutafuta viatu, kwenda msalani, kumwangalia mgonjwa au kuzungumza bila mtu kumuumiza mwenzake macho. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba taa ambayo rangi ya mwanga wake hurekebishika inapaswa kusanifiwa kutoka chini kwenda juu, kwa kuanza na nuru hafifu kabisa yenye rangi ya kaharabu na kumalizia na mwanga mkali mweupe, na kwamba maamuzi mengine yote, ya chipu, saketi, betri na umbo, hunyooka yakifuata mpangilio huo.

Rangi ya mwanga mweupe hupimwa kwa kipimo kiitwacho halijoto ya rangi, ambacho huulinganisha mwanga huo na ule ambao ungetolewa na gimba jeusi lililopashwa moto hadi kiwango fulani cha kelvini. Mwali wa mshumaa una kelvini 1,900 hivi, balbu ya kale ya waya wa tangsteni 2,700 hivi, jua la mchana 5,500 hivi, na anga lililofunikwa na mawingu 6,500 hivi, kwa hiyo kadiri namba inavyopanda ndivyo wekundu unavyopungua na ubuluu unavyoongezeka. Kaya nyingi za Afrika Mashariki zilizijua tofauti hizo muda mrefu kabla ya kuwapo kwa kipimo chenyewe madukani, kwa maana koroboi na chemli, zinazowaka kwa utambi, hutoa nuru ya kaharabu, ilhali karabai, ambayo husukuma mvuke wa mafuta ya taa hadi kwenye kifuko cha kitambaa kinachong'aa kwa joto, hutoa mwanga mweupe zaidi na mkali zaidi.

Taa ya LED hufika kwenye weupe kwa njia nyingine kabisa. Ndani yake mna chipu ndogo ya nusu kipitishi inayotoa mwanga wa buluu, kwa kawaida wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 450 hivi, nayo hufunikwa kwa unga wa fosfa, ambao hufyonza sehemu ya buluu hiyo na kuitoa tena ikiwa manjano na nyekundu. Buluu iliyosalia ikichanganyika na rangi zilizozaliwa na unga huo, jicho huona weupe. Chipu ya buluu yenye mwanga wa kutosha ndiyo iliyokuwa kizuizi kwa miongo kadhaa, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kukiondoa. Kwa msanifu wa taa, jambo la kushika katika historia hiyo ni kwamba buluu ndiyo mali ghafi: kila nuru ya kaharabu inayotoka kwenye LED ya aina hii ni buluu iliyobadilishwa kwa hasara, na ndiyo maana chipu ya kelvini 2,200 hutoa lumeni pungufu kwa kila wati kuliko chipu ya 5,000 ya daraja lilelile, pengo ambalo mara nyingi hufikia sehemu moja ya tano au zaidi.

Hasara hiyo inastahili kubebwa, na sababu iko katika jicho. Retina, utando ulio nyuma ya jicho ambao hupokea mwanga, ina seli za aina mbili za kuonea: zile za umbo la pia, ambazo hutambua rangi na huhitaji mwanga wa kutosha, na zile za umbo la fito, ambazo hufanya kazi gizani na hazitambui rangi. Wepesi wa kuona wa mchana hufikia kilele karibu na nanomita 555, penye kijani-manjano, ilhali wa seli za fito hufikia kilele karibu na nanomita 507, upande wa buluu-kijani. Kwa hiyo mwanga wenye buluu nyingi huzichosha upesi seli za fito, na mtu anayetoka hemani hubaki kipofu wa giza mpaka macho yazoee upya, jambo linaloweza kuchukua nusu saa. Zaidi ya hayo, mwaka 2002 David Berson na wenzake walionyesha kwamba retina ina kundi jingine la seli zinazohisi mwanga zenyewe, zinazotumia kemikali iitwayo melanopsini, ambazo huitikia zaidi mwanga wa karibu na nanomita 480 na kupeleka taarifa kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili. Seli hizo zikiamshwa usiku, utoaji wa melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi, hupungua.

Ni muhimu, hata hivyo, kutoipa rangi sifa inayostahili kwenda kwa ukali. Nuru ya kelvini 2,200 huziamsha seli hizo kwa kiasi kidogo kuliko mwanga wa 5,000 wa lumeni zilezile, lakini lumeni 200 za nuru ya kaharabu bado huziamsha zaidi kuliko lumeni 10 za mwanga mweupe, na taa inayouzwa kwa ahadi ya kulinda usingizi huku kiwango chake cha chini kabisa kikiwa lumeni 50 haiwezi kuitimiza ahadi hiyo kwa kubadilisha rangi peke yake. Rangi na ukali lazima vishuke pamoja. Mwaka 1941 Arie Andries Kruithof, mwanafizikia wa kampuni ya Philips ya Uholanzi, alichora eneo la mwanga unaopendeza, akaonyesha kwamba panapokuwa na mwanga mdogo watu hupendelea nuru ya kaharabu, na kwamba weupe wa buluu huvumilika tu pale mwanga unapokuwa mwingi. Majaribio ya baadaye hayakuuthibitisha mchoro wake kikamilifu, lakini mwelekeo wa jumla unafaa kuongoza mpangilio wa taa ya kambini, ambayo watumiaji wake ndio kwanza wametoka kwenye mwanga wa moto wa kuni.

Wadudu nao wana sauti katika jambo hili. Wengi wao huona vizuri mwanga wa buluu na ule wa urujuanimno usioonekana kwa binadamu, na nuru ya kaharabu kwa kawaida huwakusanya wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications ulieleza kwamba wadudu wengi waliorekodiwa usiku huelekeza migongo yao kwenye mwanga, kama wafanyavyo kwa anga ili wajue juu ni wapi, na kwa hiyo wakifika karibu na taa huzunguka pasipo kuweza kuondoka. Msimu wa mvua, kumbikumbi wanapotoka kwa maelfu, mpishi wa kambi aliye na taa inayoshuka hadi kelvini 2,200 ana nafuu ambayo mwenye taa ya 6,500 hana.

Baada ya kukubali kwamba taa ianzie kwenye kaharabu, swali gumu zaidi la usanifu ni namna ya kupanda kutoka huko hadi kwenye weupe. Njia iliyozoeleka ni kupanga safu mbili za chipu, moja ya kelvini 2,700 na nyingine ya 6,500, kisha kuongeza mkondo wa umeme upande mmoja huku ukipunguzwa upande wa pili. Njia hiyo ina kasoro ambayo wanunuzi wengi huiona bila kujua chanzo chake: katikati ya safari, mwanga huwa na uwaridi kidogo na nyuso za watu huonekana kama zimepakwa kitu. Chanzo ni cha kijiometri. Rangi zote zikichorwa kwenye mchoro wa Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, mwanga wa gimba lililopashwa moto hufuata mstari uliopinda, ambao jicho limeuzoea kwa jua na moto. Lakini mchanganyiko wa rangi mbili hufuata mstari ulionyooka unaoziunganisha, na mstari ulionyooka unaounganisha nukta mbili za mstari uliopinda hupita pembeni yake, katika hali hii upande wa waridi.

Ukubwa wa kupotoka huko unaweza kukokotolewa. Mwanga wa 2,700 na wa 6,500 ukichanganywa kwa lumeni sawa, matokeo hayawi kelvini 4,600 kama wastani wa kawaida ungeonyesha, bali hukaribia 4,000, na huwa yamepotoka kutoka kwenye mstari uliopinda kwa 0.006 hivi kwenye mchoro wa CIE wa mwaka 1960, kiasi ambacho jicho hukitambua waziwazi. Kupunguza ncha ya juu hadi kelvini 5,000 hushusha kupotoka hadi karibu 0.004. Lakini taa inayotetewa hapa inataka ncha ya chini iwe 2,200, na safu mbili za 2,200 na 5,000 hurudisha kosa palepale lilipokuwa, kwa kuwa umbali kati ya ncha hizo kwenye mchoro ni mkubwa.

Jibu ni safu ya tatu. Chipu za kelvini 3,000 zikiwekwa katikati, na programu ya taa ikachanganya safu mbili jirani tu kwa wakati mmoja, yaani 2,200 na 3,000 katika nusu ya chini, kisha 3,000 na 5,000 katika nusu ya juu, mistari miwili mifupi huukumbatia mstari uliopinda na kupotoka hupungua hadi karibu 0.002, theluthi moja ya kosa la awali. Gharama ya ziada ni chipu chache na swichi moja ya transista, kiasi ambacho ni kidogo mno kikilinganishwa na bei ya betri na kasha. Ni vigumu kueleza kwa nini taa nyingi za bei ya juu zinaendelea kuuzwa na safu mbili, isipokuwa kwamba kwenye orodha ya sifa maneno "rangi inarekebishika" husomeka vilevile, uwe umeweka safu mbili au tatu, na uwaridi hauonekani mpaka taa iwashwe nyumbani.

Ncha ya juu ya 5,000 nayo inahitaji utetezi, kwa kuwa washindani huandika 6,500. Kambini hakuna kazi inayohitaji weupe wa anga la mawingu. Kazi za makini, kama kushona mpasuko wa hema, kusoma ramani au kupima dawa, zinahitaji mwanga wa kutosha unaoonyesha rangi kwa uaminifu, na uaminifu huo ni sifa tofauti na halijoto ya rangi. Hupimwa kwa kielezo cha uonyeshaji rangi, ambacho hulinganisha jinsi sampuli nane za rangi hafifu zinavyoonekana chini ya taa na chini ya mwanga wa rejea, alama 100 zikiwa ukamilifu. Chipu za alama 80 ndizo zilizojaa sokoni, na udhaifu wao umefichwa nje ya wastani wa sampuli hizo nane, katika sampuli ya tisa ya wekundu mkali, ambako alama zao mara nyingi hukaribia sifuri. Wekundu ndio rangi ya damu, ya nyama isiyoiva, ya koo lililovimba na ya ngozi iliyoungua, na mhudumu wa kwanza anayetazama jeraha ndani ya hema usiku anahitaji kuuona ulivyo. Chipu za alama 90 na zaidi hupunguza lumeni kwa kiasi fulani na huongeza bei kidogo. Kuziacha ili kuongeza namba kwenye boksi ni kubadilisha usalama kwa tangazo, na hapo msanifu hapaswi kuyumba.

Marekebisho ya rangi na ya ukali yana kanuni moja, kwamba hatua zifuate hisia ya jicho na si namba zilizonyooka. Kwa ukali, jicho huhisi ongezeko kwa uwiano: kutoka lumeni 1 hadi 3 ni hatua kubwa, kutoka 200 hadi 202 hakuna anayeona. Hatua sita zinazozidishwa mara tatu, yaani lumeni 1, 3, 9, 27, 81 na 243, hutosheleza mahitaji yote ya kambi. Kwa rangi, kipimo kinachokaribia hisia ya jicho ni miredi, kinachopatikana kwa kugawa 1,000,000 kwa idadi ya kelvini. Kelvini 2,200 ni miredi 455 na 5,000 ni miredi 200, na hatua tano zilizo sawa kati yake huangukia kelvini 2,475, 2,830, 3,310, 3,980 na 5,000 kwa makadirio. Mtumiaji anayezungusha kitufe huona rangi ikibadilika kwa mwendo mmoja, ilhali taa iliyogawanywa kwa hatua sawa za kelvini hubadilika kwa kurukaruka upande wa kaharabu na kusuasua upande wa weupe.

Je, lumeni 1 si kidogo mno? Taa inayotawanya mwanga pande zote hutoa, kwa umbali wa mita moja, luksi zinazopatikana kwa kugawa lumeni zake kwa 12.6, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaofika juu ya uso. Lumeni 1 huleta luksi 0.08 kwa umbali huo, chini ya mbalamwezi, ambayo huwa robo ya luksi hivi, lakini ndani ya hema kuta hurudisha mwanga na macho yaliyozoea giza huona njia, viatu na uso wa mtoto aliyelala. Lumeni 3 hufikia mbalamwezi. Mshumaa wa kandela moja hutoa lumeni 12 hadi 13, kwa hiyo hatua ya tatu na ya nne ya taa hii ndizo zinazokaa pembeni mwa mwanga uliozoeleka vizazi hadi vizazi kwa mazungumzo na chakula cha jioni. Kwa upande wa juu, lumeni 243 kwa umbali wa nusu mita huleta karibu luksi 77, zinazotosha kusoma maandishi madogo.

Kushusha mwanga hadi lumeni 1 bila kuharibu rangi ni kazi ya saketi, na hapo ndipo njia rahisi huanguka. Njia rahisi ni kuwasha na kuzima chipu kwa kasi kubwa na kurefusha au kufupisha muda wa kuwaka, ili jicho lione wastani. Mwongozo wa IEEE 1789 wa mwaka 2015, uliotolewa na taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, unaonyesha kwamba mwanga unaozimika kabisa katika kila mpigo hauna athari inayotambulika iwapo mipigo inazidi 3,000 kwa sekunde. Chini sana ya hapo kuna watu wanaopata maumivu ya kichwa, na picha za simu hutoka na mistari. Lakini kwa mipigo 3,000, kushuka kutoka lumeni 243 hadi 1 kunahitaji mpigo wa mikrosekunde 1.4 tu, na saketi nyingi za bei nafuu haziwezi kuwasha na kuzima mkondo kwa usahihi ndani ya muda huo, kwa hiyo mwanga huchezacheza na rangi hupotea.

Mpangilio bora ni kutenganisha kazi mbili hizo. Chanzo kimoja cha mkondo, ambacho kiwango chake hupandishwa na kushushwa kwa utaratibu, kiamue ukali, kisha swichi tatu ziupokezane mkondo huo kati ya safu tatu za chipu, ziamue rangi. Wakati wowote kuna safu moja inayowaka, kwa hiyo mwanga hauzimiki kamwe, jumla ya mkondo haibadiliki rangi inapobadilishwa, na msanifu hana haja ya kusawazisha vyanzo vitatu. Tahadhari moja inabaki: chipu nyingi zilizounganishwa sambamba zikipewa mkondo mdogo sana huanza kuwaka bila usawa, nyingine zikififia kabla ya wenzake, na kwa hiyo hatua mbili za chini kabisa zitengewe chipu mbili tu za kelvini 2,200 zenye mkondo wa kutosha kufanya kazi kwa utulivu.

Hesabu ya nishati nayo huonyesha thamani ya kuanzia chini. Betri mbili za lithiamu za umbo la 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kila moja ikiwa na miliampea-saa 3,000 kwa volti 3.6, zina jumla ya wati-saa 21.6. Ikichukuliwa kwamba kutoka betri hadi nje ya kifuniko taa hutoa lumeni 80 kwa kila wati kwa nuru ya kaharabu, lumeni 243 zitahitaji wati 3 hivi na taa itawaka kwa saa 7. Lumeni 27 zitawaka kwa saa 64. Na lumeni 1, kwa hesabu ya chipu peke yake, kwa zaidi ya saa 1,700. Hapo mlaji mkuu hubadilika. Saketi ya kudhibiti inayotumia miliwati 20, kiasi ambacho hakionekani kabisa katika hatua ya juu, hutumia nishati zaidi kuliko chipu yenyewe katika hatua ya chini na kupunguza saa 1,700 hadi takriban 660. Msanifu aliyeanzia juu hagundui jambo hili mpaka wateja walalamike kwamba taa iliyoachwa kama taa ya usiku imezimika mapema kuliko ilivyoahidiwa.

Uchaguzi wa kemikali ya betri ni suala ambalo wahandisi hulijadili kwa hamasa, na kwa haki. Betri ya kawaida ya lithiamu yenye nikeli hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo; ile ya fosfati ya chuma hubeba pungufu, lakini huvumilia maelfu ya mizunguko ya kuchaji, haishiki moto kwa urahisi, na volti yake hukaa karibu na 3.2 kwa sehemu kubwa ya matumizi. Volti hiyo inalingana vizuri na chipu nyeupe ya LED, ambayo kwa mkondo mdogo huhitaji volti 2.8 hivi, kiasi kwamba saketi sahili isiyobadili volteji, inayopunguza tu kilichozidi, hufikia ufanisi wa karibu asilimia 87, wakati kwa betri ya volti 3.6 saketi hiyohiyo huishia asilimia 78. Seli moja ya fosfati ya umbo la 32700 yenye miliampea-saa 6,000 ina wati-saa 19.2, inakaribia seli mbili za 18650, kwa uzito wa ziada wa gramu 50 hivi. Kwa kambi za mbugani zinazosafirishwa kwa gari, ambako taa ileile hutumiwa na wageni msimu hadi msimu, fosfati ya chuma inashinda bila ubishi. Mlimani, ambako mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20 na taa za kundi zima hubebwa mgongoni, gramu 50 kwa kila taa ni jambo la kufikiriwa, na betri ya fosfati pia hudhoofika zaidi kwenye baridi.

Baridi hiyo ina hatari nyingine. Vituo vya Kibo na Barafu viko juu ya mita 4,600, ambako usiku halijoto hushuka chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, na betri ya lithiamu ikichajiwa katika hali hiyo, madini ya lithiamu hujikusanya juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, jambo linalopunguza uwezo wa betri kwa kudumu na linaloweza kuleta shoti ya ndani. Kutumia taa kwenye baridi kunaruhusiwa, kuichaji hakuruhusiwi. Asubuhi, paneli ya sola ikitandazwa juu ya hema, jua huwa tayari lina nguvu wakati betri bado imeganda, kwa hiyo kihisi joto kinachogusa seli yenyewe, na si ubao wa saketi, ndicho kinachopaswa kuzuia mkondo hadi betri ipate joto, na taa imwonyeshe mtumiaji kwamba inasubiri, asije akadhani imeharibika.

Tundu la kuchajia la USB-C huhitaji rezista mbili za kiloomu 5.1, moja kwa kila mguu wa utambuzi, ili chaja ijue kwamba kuna kifaa kinachoomba umeme. Viwanda visivyojali huziacha rezista hizo, na taa ikawa inachajiwa kwa waya wa aina ya zamani pekee. Anayefika mlimani na chaja mpya hubaki gizani kwa sababu ya vipande viwili vya bei ya chini kuliko kijiti cha kiberiti.

Kwa kasha, mambo machache yanatosha. Kifuniko cha kutawanya mwanga kiwe kikubwa, kwa kuwa lumeni 243 zikitoka kwenye silinda ya kipenyo cha sentimita 8 na urefu wa sentimita 10 hutoa mng'ao wa kandela 3,000 hivi kwa mita ya mraba, ambao jicho huuvumilia, ilhali chipu iliyo wazi haitazamiki. Chipu za rangi tatu zipangwe kwa kupishana, la sivyo vivuli vitakuwa na kingo za rangi mbili. Bamba la alumini lipeleke joto la chipu nje bila kupita kwenye betri. Na kwa kuwa shinikizo la hewa huko Barafu ni kama asilimia 56 ya lile la pwani, kasha lililozibwa dhidi ya vumbi na mvua liwe na tundu dogo lenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, kwa maana bila hilo kasha hupumua kupitia mpira wa kuzibia, na kila linaposhuka huvuta unyevu ndani.

Mwishoni kuna boksi. Kiwango cha Marekani cha FL1, kilichotolewa mwaka 2009 kwa ajili ya tochi na taa za mkononi, huruhusu lumeni zipimwe muda mfupi baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Taa inaweza basi kuandikwa lumeni 1,000 na saa 10, ingawa lumeni hizo 1,000 zilidumu dakika chache na saa zilizobaki zilikuwa za mwanga ulio mbali sana na huo, na kila neno kwenye boksi likawa halali. Mpango wa Lighting Africa wa Kundi la Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2007 kwa ajili ya taa za sola za kaya zisizo na umeme, ulionyesha kwamba soko la Afrika linaweza kudai zaidi, kwa kupima taa maabara na kulinganisha matokeo na madai ya mtengenezaji. Taa ya kambini haina sababu ya kudaiwa pungufu ya hapo. Boksi lake lionyeshe jedwali la hatua zote sita, na kwa kila hatua lumeni zinazodumishwa baada ya saa ya kwanza, saa za kuwaka katika nuru ya kaharabu na, kwa hatua zilizo nao, katika mwanga mweupe, alama za uonyeshaji rangi pamoja na ile ya wekundu mkali, na aina ya betri, ambayo ifungwe kwa skrubu badala ya gundi ili fundi yeyote wa Moshi au Arusha aweze kuibadilisha.